Kuyeyuka kupi? Kisa cha graniti ya Glen Tilt

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Chumvi huyeyuka ndani ya maji. Nta huyeyuka motoni. Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo halimtatizi mtu, kwa sababu kilichoyeyusha kipo mbele ya macho, ni maji au ni moto. Kwenye miamba kiyeyushi hakionekani tena. Kimekwenda zake mamilioni ya miaka iliyopita na kuliacha jiwe peke yake. Ndiyo maana wasomi wa Ulaya wa karne ya 18, ambao wote walikubali kwamba graniti zamani ilikuwa kiowevu, walishindwa kabisa kukubaliana iliyeyuka kuyeyuka kupi.

Kisa ninachokichambua ni cha Septemba 1785, kwenye bonde la mto Tilt, yaani Glen Tilt, Perthshire, katika nyanda za juu za Uskoti. Ni kisa kidogo: mtu mmoja, James Hutton, rafiki yake mchoraji, mto, na mahali ambapo mwamba mwekundu unakutana na mwamba mweusi. Nimekichagua kwa sababu makundi yote matatu ya miamba (ya moto, ya mashapo, na iliyogeuzwa bila kuyeyuka) yanahusika humo, na kwa sababu kinaonyesha, kuliko kisa kingine chochote ninachokijua, jinsi asili ya jiwe inavyothibitishwa. Jiwe lililo mkononi husema kidogo. Mpaka wake na jirani yake husema mengi.

Watu wa maji

Mwalimu mashuhuri zaidi wa miamba wakati huo alikuwa Abraham Gottlob Werner, aliyeanza kufundisha katika chuo cha madini cha Freiberg, Saxony, mwaka 1775, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1817. Alifundisha kwamba dunia nzima iliwahi kufunikwa na bahari moja kuu, iliyobeba ndani yake madini yaliyoyeyuka. Graniti ilijitenga na maji hayo kwanza, kama chumvi inavyojitenga maji ya bahari yanapokauka. Juu yake zikafuata shisti (mwamba unaopasuka bapa bapa), kisha mawe ya chokaa, mawe ya mchanga na mengineyo, tabaka juu ya tabaka. Hata basalti, ule mwamba mweusi mzito, aliihesabu kuwa zao la maji. Volkano kwake zilikuwa jambo dogo na la karibuni, lililosababishwa na makaa ya mawe yanayoungua chini ya ardhi. Wafuasi wake wakaitwa Waneptuni, kwa jina la mungu wa bahari wa Warumi.

Leo ni rahisi kumcheka Werner, na nadhani kumcheka ni kumdhulumu. Fuwele (chembe kama zile za chumvi) zinazotoka kwenye maji kila mtu alikuwa ameziona. Graniti ni mwamba wa fuwele tupu zilizoshikana. Pia mara nyingi graniti huonekana kwenye kiini cha milima, huku miamba ya matabaka ikiegemea ubavuni mwake, na mtu anayeona hivyo ana haki ya kudhani kwamba kilicho chini kilitangulia. Zaidi ya hayo, upande wa moto ulikuwa na matatizo mawili makubwa. Ukiuyeyusha mwamba kwenye tanuri na kuuacha upoe, hupati graniti wala basalti, unapata kioo. Na ukilichoma jiwe la chokaa, hupati marumaru. Unapata chokaa ya unga. Joseph Black, mkemia wa Edinburgh, alikuwa ameshaonyesha katika miaka ya 1750 kwamba miamba ya namna hiyo ikichomwa hutoa hewa iliyofungwa ndani yake, ile tunayoiita sasa kabonidioksidi. Basi ikiwa joto la chini ya ardhi ndilo lililoumba miamba, mbona mawe ya chokaa bado yana hewa yake?

Hizi zilikuwa hoja za watu makini. Zilihitaji majibu, na majibu hayo yalichukua miaka ishirini.

Nadharia iliyotangulia ushahidi

James Hutton alizaliwa Edinburgh mwaka 1726. Alisomea udaktari na kupata shahada yake Leiden mwaka 1749, lakini hakuufanya kuwa kazi ya maisha. Kwa miaka mingi alilima shamba lake kusini mashariki mwa Uskoti. Nadhani shamba lilimfundisha zaidi ya Leiden. Mkulima huona kila mvua ikichukua udongo wake kwenda mtoni, na mto kwenda baharini. Hutton alijiuliza kwa nini basi nchi kavu haijaisha.

Machi na Aprili 1785 jibu lake liliwasilishwa mbele ya Chama cha Kifalme cha Edinburgh. Mara ya kwanza lilisomwa na rafiki yake Black, yuleyule wa hewa ya chokaa. Kwa ufupi alisema hivi: mashapo, yaani mchanga na tope, hulundikana chini ya bahari, joto la ndani ya dunia huyagandisha yawe mwamba, kisha joto hilohilo huuinua mwamba uwe nchi kavu mpya. Mzunguko huo ulihitaji injini, na injini ilikuwa moto wa chini. Ikiwa moto huo upo kweli, lazima mahali fulani uwe umeacha mwamba uliopanda kutoka chini ukiwa umeyeyuka, na Hutton alishuku kwamba mwamba huo ni graniti.

Alikuwa na ushahidi gani? Kidogo mno. Alikuwa na kipande cha graniti kutoka Portsoy, kaskazini mashariki mwa Uskoti, ambamo kwatzi imejipenyeza ndani ya feldispa (hayo ni madini makuu ya graniti) kwa mistari iliyokatikakatika, kiasi kwamba uso wa jiwe unafanana na maandishi. Alijenga hoja juu yake: madini mawili yaliyosokotana namna hiyo lazima yaliganda pamoja, kwa wakati mmoja, kutoka kwenye kiowevu kimoja. Madini yanayojitenga na maji kwa zamu yangempa la kwanza nafasi ya kukua kwa umbo lake huru, la pili likajaza mapengo. Tena kwatzi na feldispa haziyeyuki kirahisi ndani ya maji. Bahari ya kuyeyusha milima ya kwatzi ingekuwa bahari ya ajabu.

Ni hoja nzuri, ila ni ya jiwe la mezani. Mtu anayeamini maji angeweza kusema kwamba maji ya zamani hayakuwa kama haya tuliyo nayo, na mjadala ungeishia hapo. Hutton alilijua hilo. Kwa hiyo miezi michache baada ya kuisoma nadharia yake, akaenda kutafuta mpaka.

Kwa nini mto Tilt

Hakwenda kubahatisha. Upande wa kaskazini wa bonde hilo kulijulikana kuwa na graniti. Upande wa kusini kulikuwa na shisti na miamba mingine ya matabaka. Mahali fulani katikati lazima vikutane, na palipo na mto unaokwenda kasi udongo na majani huondolewa, mwamba ukabaki wazi. Akiwa mgeni wa Duke wa Atholl katika Forest Lodge, pamoja na rafiki yake John Clerk wa Eldin, alianza kuufuata mto.

Kabla hatujafika naye, tuweke wazi kila upande ungetarajia kuona nini, maana hapa ndipo uzuri wa kisa hiki ulipo. Kama graniti ilijitenga na maji kwanza, basi ni kongwe kuliko shisti iliyo juu yake. Mpaka utakuwa sakafu: graniti chini, shisti imelala juu. Vipande vya graniti vilivyomomonyoka vinaweza kuonekana ndani ya shisti, lakini kinyume chake haiwezekani, kwa sababu hakuna kitu kinachoweza kumeza vipande vya kile ambacho bado hakijazaliwa. Kama graniti ilipanda ikiwa ya moto na majimaji, kila kitu hugeuka. Itakuwa imejichomeka kwenye nyufa za shisti, imeyakata matabaka yake, imebeba vipande vyake. Nadharia mbili zimetoa utabiri unaogongana, mahali pamoja, juu ya jambo linaloonekana kwa macho. Jiolojia haipati bahati hiyo mara nyingi.

Mtoni, Hutton aliona mishipa ya graniti nyekundu ikiingia ndani ya mwamba mweusi. Si mmoja wala miwili. Baadaye aliandika kwamba graniti pale imeyavunja na kuyasukuma matabaka kwa kila namna inayofikirika, imefumbata vipande vya matabaka yaliyovunjika, na imejipenyeza kati yake kwa kila upande. John Playfair, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba furaha ya Hutton ilikuwa kubwa hata waongozaji waliofuatana naye wakaamini amegundua mshipa wa fedha au dhahabu.

Mimi huipenda sana sehemu hiyo ya simulizi. Mtu wa miaka 59 anashangilia jiwe jekundu ndani ya jiwe jeusi, katika maji baridi, kwa sababu sasa anajua lipi lilitangulia.

Mishipa ile inathibitisha nini hasa

Hapa yafaa tuende taratibu, kwa kuwa vitabu vingi hukimbia kutoka kwenye mishipa moja kwa moja hadi kwenye ushindi. Mishipa ya Glen Tilt ilijibu maswali mawili kikamilifu na la tatu nusu tu.

La kwanza ni umri. Kinachokata ni kichanga kuliko kinachokatwa; kilichomezwa ni kikongwe kuliko kilichomeza. Hapa hakuna mwanya wa kutorokea. Graniti ya Glen Tilt si mwamba wa kwanza wa dunia, kwa maana ilikuta shisti iko tayari, ngumu kiasi cha kuvunjika vipande vyenye kona. Werner alikosea kwenye jambo hili, walau kwa graniti hii.

La pili ni hali. Kitu kinachopenya ufa mwembamba, kikagawanyika matawi, na matawi yakaendelea kupungua unene kadiri yanavyokwenda mbali na shina, kilikuwa kinatiririka. Na kilitiririka kutoka kwenye mwili mkuu wa graniti kwenda nje. Werner aliamini mishipa yote hujazwa kutoka juu, kwa maji yenye madini yanayozama ndani ya nyufa, na mwaka 1791 alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Lakini mshipa unaojazwa kutoka juu hauhitaji shina chini, na hauna nguvu ya kung'oa jiwe la ukutani na kulizungushia fuwele pande zote.

La tatu ni joto, na hapa Hutton alikuwa na nusu ya jibu. Mishipa inaonyesha kiowevu. Haionyeshi kipimajoto. Mtu makini angeweza kukubali kwamba graniti ilipenya ikiwa majimaji na bado akauliza: ni nani aliyesema majimaji hayo yalikuwa ya moto? Ushahidi wa moja kwa moja wa joto ni jirani aliyeungua. Mahali pengi ambapo graniti imeingia katika mwamba wa tope, tope lililo karibu limeokwa likawa jiwe gumu la chembe ndogo liitwalo honfelsi, na mawe ya chokaa yakawa marumaru. Ukienda mbali na mpaka, mabadiliko hupungua hadi kutoweka. Lakini Glen Tilt si mahali safi pa kuliona jambo hilo kwa macho, kwa sababu majirani wa graniti walikuwa wameshageuzwa kabla haijafika. Hilo linahitaji maelezo, maana ndilo linaloingiza makundi mengine mawili ya miamba katika kisa chetu.

Majirani wa graniti

Mwamba mweusi wa Glen Tilt ulianza maisha ukiwa mashapo. Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mchanga, tope na mashapo ya chokaa vilitua chini ya bahari. Mashapo yoyote hubeba alama za kutua kwake: matabaka yenye chembe kubwa chini na ndogo juu, mawimbi madogo yaliyogandia kwenye mchanga, nyufa za tope lililokauka, na katika miamba ya umri unaofaa, visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale. Chembe zake zimechakaa na kuviringika kwa kubebwa. Kati yake kuna mapengo, na mapengo hayo hujazwa saruji ya asili: kalisiti (madini ya jiwe la chokaa), silika (ambayo ndiyo kwatzi imeundwa nayo) au kutu ya chuma, iletwayo na maji yanayopita polepole. Mwamba wa mashapo ukiuvunja, mara nyingi unapasuka kwa kuzizunguka chembe, kwa kuwa saruji ni dhaifu kuliko chembe zenyewe. Graniti huvunjika kwa kuzikata fuwele katikati, kwa sababu hakuna saruji. Zimekua zikibanana hadi hakuna nafasi iliyobaki.

Kisha milima ikajengwa. Mashapo yale yalizikwa kilomita nyingi, yakakunjwa, yakapashwa joto, lakini hayakuyeyuka. Hili ndilo kundi la tatu, miamba metamofiki, jina lililoenezwa na Charles Lyell mwaka 1833. Mabadiliko hutokea jiwe likiwa bado gumu: atomi huhama hatua ndogondogo, madini ya zamani yanakufa na mapya yanakua mahali pake. Tope lina udongo wa mfinyanzi, na udongo huo ukipata joto na mgandamizo hugeuka kuwa ulanga, yale madini yanayong'aa na kubanduka kama karatasi. Bapa za ulanga hukua zikiupa mgongo upande unaokandamiza, zote zikielekea njia moja, na jiwe zima hupata mistari na tabia ya kupasuka bapa bapa. Ndiyo shisti. Mchanga wa kwatzi ukipitia hali hiyohiyo hauna cha kutengenezea ulanga, basi chembe zake hushikana tu na kuwa kwatziti. Jiwe la chokaa huwa marumaru. Marumaru huchimbika Glen Tilt, na baadhi yake ina rangi ya kijani ambayo iliwahi kutafutwa sana kwa mapambo.

Kwatziti na marumaru huwachanganya wengi, zote zikiwa nyeupe na zenye kumetameta. Usiamini rangi. Kwatziti hukwaruza kioo na kisu hakiifanyi kitu, kwani ugumu wa kwatzi ni 7 kwenye kipimo cha Mohs. Marumaru ni kalisiti, ugumu 3, na kisu huichana bila taabu. Tone la asidi hafifu ya haidrokloriki hulifanya jiwe la chokaa na marumaru kutoa mapovu. Kwenye kwatziti tone hilo hukaa kimya.

Sasa rudi mtoni. Tunajuaje kwamba shisti ilikuwa shisti kabla graniti haijafika? Kwa mpaka tena. Mishipa ya graniti huikata ile mistari ya shisti. Kama shisti ingepata mistari yake baada ya graniti kuingia, mgandamizo uleule ungeikunja na kuinyoosha mishipa pamoja nayo. Mistari ilikuwepo kwanza, mishipa ikaja, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kwa hiyo hatua chache za ukingo wa mto zina mpangilio wa matukio matatu, mashapo, mageuzi, kisha magma (mwamba ulioyeyuka), na hakuna hata moja lililohitaji kushuhudiwa na mtu.

Mitutu ya bunduki

Nusu iliyobaki ya swali la joto ilijibiwa na kijana aliyekuwa rafiki wa Hutton, James Hall wa Dunglass. Hutton hakuvutiwa na majaribio ya tanuri. Alihisi kwamba moto mdogo wa binadamu hauwezi kulinganishwa na ule wa ndani ya dunia. Hall alimheshimu, akasubiri. Hutton alifariki mwaka 1797. Mwaka uliofuata Hall aliwasilisha matokeo yake ya kwanza.

Alianza na ajali ya kiwandani. Huko Leith, karibu na Edinburgh, kioo cha chupa kilichoachwa kipoe polepole sana kilikuwa kimegeuka kitu kizito kisichopenyeka nuru, kilichojaa fuwele. Kilipoyeyushwa tena na kupozwa haraka kikarudi kuwa kioo. Hall akachukua mawe meusi ya jamii ya basalti kutoka machimbo ya Uskoti, pamoja na zaha (lava) za volkano za Vesuvius na Etna, akayayeyusha. Yaliyopozwa haraka yakawa kioo cheusi, kama wapinzani walivyosema siku zote. Yaliyopozwa taratibu yakarudi kuwa jiwe.

Tofauti nzima ilikuwa muda. Fuwele hujengwa na atomi zinazosafiri ndani ya kiowevu kutafuta mahali pake. Ukiigandisha magma ghafla, safari hukatizwa na atomi hubaki zimetapakaa, nacho ndicho kioo, kama obsidiani. Zaha ya basalti inayomwagika juu ya ardhi ikiwa na joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi hupata muda kidogo, kwa hiyo fuwele zake ni ndogo mno kuonekana bila kikuzi. Graniti hupoa kilomita kadhaa chini, imefunikwa na blanketi la mwamba, kwa maelfu au hata mamilioni ya miaka. Fuwele zake unaziona ukiwa umesimama. Anayejifunza miamba akikumbuka jambo moja tu juu ya miamba ya moto, ningependa liwe hilo: ukubwa wa fuwele ni saa.

Tatizo la chokaa lilikuwa gumu zaidi na lilimchukua Hall miaka saba, tangu 1798 hadi 1805, kwa majaribio zaidi ya 500. Alisaga chaki, akaishindilia ndani ya mitutu ya bunduki, akaiziba, akaitia motoni. Baadhi ya mitutu ilipasuka. Katika ile iliyostahimili, hewa haikuwa na pa kutokea, na chaki badala ya kuwa chokaa ya unga ilishikamana ikawa jiwe, mara nyingine lenye fuwele kama marumaru. Hutton alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba mgandamizo wa chini ya ardhi huizuia hewa isitoke. Sasa mtutu wa bunduki ulisema vilevile.

Hayo yote hayakuumaliza mjadala siku hiyo. Robert Jameson, mwanafunzi wa Werner, alipata uprofesa Edinburgh mwaka 1804 na kufundisha nadharia ya maji katika mji wa Hutton mwenyewe. Waliogeuka waligeuzwa na kuona. Nicolas Desmarest alikuwa amezitambua nguzo za basalti za Auvergne, Ufaransa, tangu mwaka 1763 kuwa ni zaha iliyotoka kwenye volkano zilizozimika. Leopold von Buch, mmoja wa wanafunzi bora wa Werner, alipofika Auvergne mwanzoni mwa karne ya 19 alianza kuuacha msimamo wa mwalimu wake kuhusu basalti.

Alipokosea Hutton

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba moto ulishinda na maji yakashindwa. Sikubaliani na usimulizi huo, na sababu zimo ndani ya miamba yenyewe.

Hutton aliamini kwamba hata mashapo hugandishwa kuwa mwamba kwa joto, karibu na kuyeyuka. Gumegume, yale mawe magumu ya silika, zilizomo ndani ya chaki alidhani zilichomekwa humo zikiwa zimeyeyuka kwa moto. Alikosea. Silika ya gumegume ililetwa na maji, na saruji ya mawe ya mchanga vilevile. Hoja yake kwamba silika haiyeyuki majini ilikuwa kweli kwa kiasi tu: huyeyuka kidogo sana, ila maji yana muda mrefu sana. Yeye, aliyewafundisha watu wote juu ya urefu wa wakati, alisahau kuyapa maji wakati huo. Chumvi ya mawe na jasi ni miamba iliyojitenga na maji yanayokauka, sawasawa kabisa na picha ya Werner. Kwa kundi la mashapo, watu wa maji walikuwa na haki kubwa.

Na kwa graniti? Katikati ya karne ya 20 mzozo uliwaka upya. Baadhi ya wanajiolojia walisema kwamba graniti nyingi hazikuwahi kuwa magma. Ni miamba ya kawaida iliyolowana kwa majimaji na kugeuzwa ikiwa migumu. Walikuwa na swali zuri: kama magma iliingia, mwamba uliokuwepo ulikwenda wapi? Mwaka 1958 O. F. Tuttle na N. L. Bowen walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kwatzi na aina mbili za feldispa, kwa viwango vinavyopatikana kwenye graniti za kweli, ndizo mchanganyiko unaoyeyuka kwa joto la chini kabisa. Graniti ni tone la kwanza la ukoko wa dunia unapoanza kuyeyuka, na la mwisho kuganda magma inapopoa. Kwa nyingi ya graniti, magma ilithibitika.

Lakini majaribio yao yalifanywa pamoja na maji, chini ya mgandamizo. Bila maji graniti hudai joto la karibu nyuzi 1,000 au zaidi. Yakiwepo maji ya kutosha chini ya mgandamizo wa kilomita kadhaa, huanza kuyeyuka karibu nyuzi 650 hadi 700. Maji huvunja minyororo ya silika na kuiachia. Chumvi ndani ya maji, nta motoni: ndani ya magma ya graniti mambo hayo mawili hutokea kwa pamoja, na swali walilogombania Freiberg na Edinburgh halina jibu la upande mmoja.

Michoro ya John Clerk, iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa katika safari hizo, ilipotea kwa karibu karne mbili hadi ilipopatikana katika nyumba ya ukoo wake, Penicuik, na kuchapishwa mwaka 1978. Ya Glen Tilt imo. Mto umechorwa, na mishipa, kila mmoja mahali pake. Kitu kimoja ambacho kalamu ya Clerk isingeweza kukionyesha kimo ndani ya graniti yenye ulanga, popote ilipo: kila bapa la ulanga limebeba maji, yamefungwa katika muundo wake wa atomi tangu siku magma ilipoganda. Ukilipasha bapa hilo moto mkali wa kutosha, maji hayo hutoka yakiwa mvuke.